Maneno magumu ya riwaya kongwe: namna ninavyoyasoma

Ukikutana na neno usilolijua katika riwaya ya zamani, usikimbilie kamusi. Kamusi ina zamu yake, nitaifikia. Kwanza liangalie neno lenyewe, halafu maneno yaliyo karibu nalo katika sentensi, halafu muulize mtu mzima aliye karibu nawe. Sisi watu wa Lamu mengi ya maneno tunayoyaita magumu tumeshayasikia: katika dua, katika tenzi, au kwa manahodha pale ufuoni. Tukiyakuta yameandikwa ndipo yanapotupotea.

Mimi si mwalimu. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi hapa Mkomani, na kusoma kwangu ni baada ya Isha, vyombo vikishaoshwa, nikikaa kiwandani na mavyaa wangu, yaani mama mkwe. (Kiwanda kwetu ni ule ua wa ndani ya nyumba ulio wazi juu.) Mavyaa hakuingia shule, alisoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na tenzi anazo kifuani. Mimi husoma kwa sauti, yeye hudarizi kofia na kusikiliza. Vijana wa mtaani walipojua tuna desturi hiyo wakaanza kuniletea vitabu vyao wakiuliza hiki nini na kile nini, na ninayowaambia ndiyo haya ninayoyaandika.

Mifano mingi nitaitoa katika Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Nimekichagua kwa kuwa ni kitabu chembamba, bado kinapatikana, na malalamiko mengi ninayoletewa yanatoka humo. Mwandishi wake alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Kiswahili chake ni cha pwani, kimekolea maneno yenye asili ya Kiarabu, na sentensi zake ni ndefu zenye mpango.

Soma sura nzima kwanza bila kusimama. Hili vijana hawalipendi. Wanataka kila neno lieleweke kabla ya kugeuza ukurasa, na matokeo yake wanakwama ukurasa wa tatu wakakiweka kitabu. Hadithi ikubebe mpaka mwisho wa sura hata kama umeelewa kwa vipande. Kalamu ya risasi iwe mkononi; chini ya neno geni piga mstari mdogo uendelee. Kitabu kikiwa cha kuazima usikichafue, weka kijikaratasi chenye neno na namba ya ukurasa.

Ukimaliza sura, rudi kwenye mistari yako uchague. Si kila neno linastahili kazi. Chagua linalorudi mara kwa mara, na lile ambalo bila yake sentensi haisimami. Kwa ukurasa mmoja maneno matatu mpaka matano yanatosha. Mengine yaache, utakutana nayo tena.

Sasa neno lenyewe. Mara nyingi si geni, limevaa viambishi tu. Tuseme umekuta "hawakutahayarishwa". Ondoa ha-, wa- na ku- za mbele, ondoa -sh- na -w- za nyuma, limebaki "tahayari", yaani kuona haya, kufedheheka. Na ukitafuta kamusini "hawakutahayarishwa" hutalipata milele. Vivyo hivyo kwa majina ya wingi: nyaraka ni waraka, nyufa ni ufa, mbavu ni ubavu, ndimi ni ulimi. Nimewaona vijana wenye akili nzuri wakiitafuta "ndimi" kwenye herufi N wakakata tamaa, na ulimi wanao kinywani.

Kiangalie na kile kimwisho cha -ua, ambacho hupindua maana: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Ukikijua hicho, "mkunjufu" halikusumbui tena. Ni mtu ambaye uso wake umekunjuka, haukukunjamana. Ukijua "fumba" umeshapata fumbua, fumbo na fumbata kwa safari moja.

Neno likiwa limevuliwa na bado hulijui, tazama limeandamana na nani. Waandishi wa zamani walipenda kuyapanga maneno mawili mawili, ama ya maana moja ama ya maana zilizopingana. Nitatunga sentensi: "Aliingiwa na soni na haya mbele ya wazee." Kama "soni" huijui, "haya" imekwishakuambia. Au: "Hakujua safari ile itamletea heri au shari." Heri unaijua, na "au" iliyo katikati inakwambia shari ni kinyume chake. Ukishaizoea desturi hii utaona kwamba mwandishi mwenyewe anakufasiria ukurasa hadi ukurasa. Nakuomba ukisie na ukiandike ulichokisia kabla hujamuuliza mtu. Neno ulilolikisia, hata ukikosea, hukaa moyoni kuliko uliloambiwa.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ukoo wa maneno. Kusadikika ni kisa cha Karama, anayeshitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi na serikali, kila mmoja akarudi na mambo mema ya kuwafaa watu, na kila mmoja akaishia kifungoni. Majina yao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kijana mmoja alinijia akisema majina haya yanamchanganya, hawezi kuyakariri kwa ajili ya mtihani. Nikamwambia akae chini.

Tulianza na Kabuli kwa sababu ndilo lililomshinda. Nikamsomea mavyaa sentensi ilimo, nikamuuliza, "Mama, kabuli ni nini?"

Hakuinua uso kwenye kofia yake. "Kula siku mwaomba dua mwasema takabali. Kabuli ndiyo hiyo, mwanangu." (Kula kwetu ni kila.)

Kwetu kila mtu akimaliza kuomba husema Mola atakabali. Kijana akaganda kidogo, halafu akaanza mwenyewe kuyataja: kubali, kibali. Nikamwongezea kabili, ambalo ni kuelekea kitu uso kwa uso. Mkabala, kitu kinachokuelekea. Na kibla, upande tunaouelekea katika swala. Hata kabla, kile kilichotangulia mbele, imo humo. Herufi ni zilezile tatu, qaf, ba, lam, na maana ya kuelekea na kupokea inapita ndani ya yote. Neno moja la kitabuni lilimletea jamaa zake sita saba ambao tayari alikuwa akiwatumia tangu utotoni.

Auni ikawa nyepesi zaidi. Ni msaada, na kuauni ni kusaidia. Asomaye Alhamdu katika swala husema nastaini, na hilo ni la ukoo huohuo: tunaomba msaada. Buruhani ni ushahidi ulio wazi, dalili isiyopingika. Ridhaa unaijua kwa radhi na ridhika, Amini kwa amana na imani. Sasa kisome kisa upya: nchi imewatuma nje Ushahidi, Wema, Kukubali, Msaada, Radhi na Uaminifu, na waliporudi ikawafunga. Anayewashitaki watu ni Majivuno. Anayewatetea ni Karama, jina lenye ukoo na ukarimu, karimu, takrima na karamu. Yule kijana hakuhitaji kukariri tena. Majina yalikuwa ni kisa chenyewe, na asiyejua maneno yale amesoma riwaya nyingine kabisa.

Kwa hiyo nifuate hapa: ukikuta neno lenye sura ya Kiarabu, toa irabu, bakiza konsonanti zake, kisha jiulize ni maneno gani unayoyajua yenye konsonanti hizo kwa mpangilio huohuo. K-t-b: kitabu, katibu, maktaba, mkataba. Dh-l-m: dhulumu, dhuluma, dhalimu, madhulumu. F-k-r: fikira, fikiri, tafakari. H-k-m: hukumu, hakimu, mahakama. Na ukiangalia vizuri utaona hata umbo lina kazi. Hakimu, katibu na dhalimu ni watendaji, wote wamepita njia moja ya a halafu i. Mahakama, maktaba na madrasa ni mahali, na zote zimeanza na ma-.

Lakini tahadhari mbili. Ya kwanza, herufi zetu za Kiswahili zimekusanya herufi kadhaa za Kiarabu mahali pamoja. Halali na hilali, yaani mwezi mwandamo, kwa macho ni ndugu, h-l-l. Si ndugu. Ha ya halali ni ile ya kooni, na ha ya hilali ni ile nyepesi. Aliyesoma chuoni atakwambia mara moja kwa kulitamka tu, ndiyo maana nasema muulize. Ya pili, neno likishaingia Kiswahili hufuata njia yake. Hamaki kwa asili yake ya Kiarabu imetokana na upumbavu. Kwetu kuhamaki ni kupandwa na hasira ghafla. Ukoo ukusaidie kukisia, lakini maana ya mwisho utaipata katika Kiswahili chenyewe, kwa namna sentensi inavyolitumia.

Kwa wasomaji wenzangu wa Lamu nina la kuongeza. Watoto wetu huambiwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kinawaharibia Kiswahili cha shule, nami hili linanikera sana. Kiamu ni ufunguo. Sisi tukisema mtele kitabu kinasema mchele. Mtanga ni mchanga, mato ni macho, mtuzi ni mchuzi. Pale sisi tunapotia ti wao wametia chi. Moya ni moja, yuu ni juu. Ndia ni njia, ndaa ni njaa. Mtoto akiiona kanuni hii mara moja tu, husoma pande zote mbili: kitabu cha Kiswahili sanifu hakimpotezi, na tenzi za kale, ambazo zimejaa Kiamu, anazifungua bila mfasiri, wakati mwenzake wa bara atahitaji maelezo chini ya kila ubeti. Na wewe wa bara unayesoma riwaya ya pwani, kanuni hiyohiyo itumie kinyumenyume. Ukikuta "mtanga" jaribu kutia ch mahali pa t uone linakuja neno gani.

Kuna maneno ambayo kufikiri hakusaidii, mpaka uone kitu chenyewe. Riwaya za pwani zina vyombo vya baharini, na mwandishi hasimami kukueleza foromali ni nini. Teremka ufuoni maji yakiwa yametoka, jahazi limekaa upande, umwombe nahodha au baharia akuonyeshe kwa kidole. Omo ni mbele, tezi ni nyuma. Mlingoti umesimama, foromali ndiyo boriti inayobeba tanga na kupandishwa juu ya mlingoti. Demani ni kamba ya tanga, na demani pia ni majira ya mwisho wa kusi, hivyo sentensi ndiyo itakayokwambia ni ipi. Chini kabisa ndani ya chombo, pale maji yanayovuja yanapokusanyika yakakombwa, ni ngama. Ukishasimama hapo na harufu ya maji ya ngama ikakufika, ile methali ya kwenda tezi na omo, marejeo ngamani, haihitaji mwalimu. Chora jahazi katika daftari uandike majina mahali pake. Mchoro mbaya unafaa kuliko maelezo mazuri.

Pepo nazo zijue, maana hadithi za zamani huhesabu wakati kwa pepo. Kaskazi ni miezi ya Desemba mpaka Machi hivi, kusi huanza kiasi cha Aprili ikavuma mpaka karibu na Septemba, na baina yake ni maleleji, upepo usiotulia. Mwandishi akikwambia mtu aliondoka kaskazi ikianza, amekupa mwezi na pengine amekwambia chombo kimetokea wapi. Bamvua ni maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Maji mafu ni yale madogo ya katikati. Kwa nyumba hali ni hiyohiyo. Asiyejua mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili za mlango hukutana, aje apite mtaani kwetu ashike kwa mkono.

Sasa kamusi. Ukiwa umeshavua neno, umekisia, umeuliza, fungua uhakikishe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, hupanga maneno kwa alfabeti na inatosha kwa mengi. Ya Johnson ya mwaka 1939, kwa anayesoma Kiingereza, huweka majina mengi chini ya kitenzi chake, kwa hiyo inakubidi ujue shina kwanza, na hilo ni zoezi zuri. Usishangae ukikosa neno la kwenu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na maneno mengi ya kaskazini yalibaki nje au yakapewa alama ya lahaja. Krapf, mmisionari Mjerumani ambaye kamusi yake ilichapwa mwaka 1882, alikusanya maneno yake upande wa Mombasa na Rabai, na humo mara nyingine mtu wa Lamu hupata neno la bibi yake limekaa salama. Nikipata maana tatu kwa neno moja, nazijaribu zote ndani ya sentensi ya kitabu. Inayokaa ndiyo. Simu naitumia pia, ila tafsiri za mashine kwa maneno ya kale hukosea sana, sizitegemei.

Daftari langu lina mpango mmoja. Naandika sentensi nzima ya kitabuni na ukurasa wake, chini yake nilivyokisia, chini yake maana niliyoithibitisha na aliyenipa, kisha sentensi yangu mwenyewe ya mambo ya siku ile: bei ya unga, mtoto aliyechelewa chuoni, mashua iliyokwama. Orodha ya maneno upande wa kushoto na maana upande wa kulia siiamini. Neno likitengwa na sentensi yake hukauka, na mtihanini au barazani halikujii kinywani. Sentensi zangu nazirudia kesho yake, halafu baada ya siku tatu nne, halafu baada ya wiki, nikisubiri mahamri yaumuke. Kwa kila marudio nafunika maana kwa kiganja na kusoma sentensi tu.

Halafu litumie. Si kwa kumtisha muuza samaki kwa maneno ya kitabu, bali pale linapofaa: katika barua, ujumbe wa sauti kwa ndugu aliye Mombasa, katika hotuba fupi ya posa. Mwambie mtu "nimetahayari" siku uliyotahayari kweli na hutalisahau tena.

Sura zote zikiisha, anza kitabu upya kwa kalamu ya rangi nyingine. Mistari mingi ya mwanzo utaipita bila kusimama. Itakayokusimamisha tena ndiyo ya kuendelea kuifanyia kazi. Na baada ya hapo usiruke haraka kwa mwandishi mwingine, kwa sababu kila mwandishi ana maneno anayoyarudia. Aliyemaliza Kusadikika achukue Adili na Nduguze cha mwaka 1952, wa kalamu ileile. Maneno aliyoyatolea jasho kwenye kitabu cha kwanza atayakuta humo, na safari hii yatamsaidia kukisia mapya.